Sindano ya Redioni

Clavery alipokakamaa tena, Kija alimkumbatia mpaka akahisi moyo wa mwanawe ukidunda kama wa kifaranga. Nesi wa zahanati alikuwa tayari ameshika sindano.

"Asimchome!" akamaka Specioza, mama mkwe wa Kija. "Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Si tulisikia wote redioni juzi?"

Kija alisikia. Wanawake wote waliokuwa wakianika dagaa pale ufukweni Mwaloni waliacha kazi kuusikiliza mchezo ule wa kuigiza. Mtoto wa kwenye mchezo alipochomwa tu, akakata roho, nao wakalia kana kwamba msiba ni wao. Sasa mikono yake ilikataa kumwachia Clavery.

Nesi hakukasirika. "Shikamoo, bibi. Hata mimi naufuata ule mchezo. Yule mtoto degedege lilimwanza lini?"

"Marahaba. Jumatatu," Specioza akajibu upesi, maana haukumpita hata wimbo wa mwanzo.

"Sindano akachomwa lini?"

"Ijumaa. Walikuwa kwanza wanamfukiza majani siku zote hizo..." Bibi akamgeukia Clavery.

Kija alizihesabu siku hizo kimoyomoyo. Clavery alianza leo asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Hofu haikumtoka, lakini aliutafuta mkono wa mwanawe ndani ya kitenge, akaunyoosha mwenyewe mbele ya nesi.

"Mshike vizuri, mama," nesi akamwambia.

"Miguu nashika mimi," Specioza akasema, akafumba macho.