Dakika Moja ya Sokoni

Buibui alikuwa ameuma ncha ya uzi mwekundu, vidole vikitafuta pini ya stesheni ya Sokoni, mlango wa ofisi ulipopigwa teke ukagonga ukuta.

Aliingia shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa treni ya asubuhi. Shati la kazi limechanika hadi kiunoni, jicho moja limevimba na kufumba, damu inamtoka juu ya sikio na kuingia kwenye kola.

"Shemeji! Nani kakufanya hivi?"

"Wewe!" Dereva alimkwida, akambamiza kwenye ubao wa ratiba. Pini zikamchoma mgongoni.

Ubao huo ndio uliompa jina la Buibui. Kushuka ubavuni zilipangwa stesheni, juu kwa upana saa za siku, na kila treni ilikuwa na uzi wake: mwekundu kwa zinazokwenda, wa buluu kwa zinazorudi. Reli ilikuwa moja. Nyuzi ziliruhusiwa kukatana penye stesheni tu, ambako treni moja huingia reli ya pembeni ili nyingine ipite. Zikikatana kwingine kokote, ni vichwa vya treni kugongana.

Mwezi uliopita mkuu wa njia alileta treni ya haraka, na uzi wake haukupata pa kupita mpaka Buibui alipoifanya treni ya asubuhi isimame Sokoni dakika moja tu. Ubaoni ilikaa vizuri mno. Alihesabu abiria. Magunia na matenga yao hakuyahesabu, wala hakwenda kuangalia.

"Mama wa watu mguu mmoja ndani, mwingine nje," dereva alihema. "Dakika yako imekwisha, kengele imelia, nikaondoa. Kaburutwa mpaka mwisho wa jukwaa. Huo mguu, shemeji, usiniulize. Wakanivuta dirishani. Mawe, mateke, mpaka kreti za soda. Wamesema kesho nikiwakimbia tena wananichoma humo humo ndani ya injini. Na kesho zamu ni yangu."

Akampiga ngumi ya mdomo. Buibui alitema jino kiganjani, akalitazama, akalitia mfukoni.

"Ukimaliza kunipiga," alisema polepole, "nishikie uzi."

Dereva alibaki na ngumi hewani. Kisha akaushika uzi.

Buibui aling'oa pini ya Sokoni, akaisogeza dakika tatu mbele, treni ipate kusimama zaidi. Sasa treni ya asubuhi ingechelewa kufika stesheni ya Machimboni, zinakopishana, na ya haraka ilibidi iisubiri huko. Alikuwa anaupinda uzi wa treni hiyo ya haraka, mara mkuu wa njia akaingia.

"Hiyo haiguswi."

"Bosi, kuna mtu kavunjwa mguu."

"Wamezoea kujivuta. Askari wakiwapitishia rungu kesho, watajifunza kupanda haraka."

Akanyoosha mkono kuung'oa uzi. Buibui akaufunika kwa mkono. Mkuu akachukua rula ya chuma mezani, akamchapa nayo vidoleni, mara ya kwanza, mara ya pili, ngozi ikafunguka. Buibui hakuondoa mkono. Mara ya tatu haikufika: dereva alishamkaba mkuu shingo kwa kigasha cha mkono, kamsukuma ukutani hadi visigino vikaacha sakafu.

"Shemeji, utamuua!"

"Aseme itasubiri!"

Mkuu alikuwa amebadilika rangi. Viatu vyake vilivyong'arishwa vilipiga ukuta. "Ita... subiri," alikoroma. "Kesho tu."

Akaachiwa. Alivuta simu ya mezani akiwa amepiga magoti, akaamuru stesheni ya Machimboni iizuie treni ya haraka kesho, kisha akatoka akijishika shingo. "Mtanijua nyinyi," alisema mlangoni.

Buibui alifunga kitambaa vidoleni. Uzi mwekundu ulikuwa umelowa damu lakini ulikuwa umekaza, kuanzia asubuhi mpaka mchana.

"Na nikirudi jioni?" dereva aliuliza.

Uzi wa buluu wa safari yake ya kurudi ulikuwa ukining'inia. Kwa kuchelewa kule kwa asubuhi, sasa ungekatana na uzi wa treni ya mizigo porini, mbali na stesheni yoyote. Buibui alijaribu kuishika pini. Vidole vilikuwa vimeshavimba, havikunjiki.

"Huo bado. Nitaanza nao kesho kukipambazuka."

"Kukipambazuka mimi nitakuwa Sokoni."

"Najua, shemeji."

Akaufunga uzi kwenye msumari wa pembeni, usije ukajisokota.