Risasi ya Tano ya Mzee Fridolin

Asubuhi ile ya Jumamosi Rosmarie Zweifel alimletea baba yake koti la kulengea shabaha, na mzee akanyoosha mikono bila kuambiwa. Hilo peke yake lilimtia moyo. Siku nyingine kumvisha hata shati ilikuwa vita. Mzee alikunja ngumi, akamwita mwizi, akauliza ni nani aliyemruhusu huyu mama kuingia chumbani kwa watu. Leo alisimama ametulia na kufunga mikanda ya lile koti zito mmoja baada ya mwingine, asikosee hata mmoja.

Mzee Fridolin alikuwa na miaka themanini na tatu. Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu alitaje jina la binti yake kwa mara ya mwisho. Mwanzoni alimchanganya na marehemu mkewe, halafu na shangazi mmoja aliyekufa zamani. Sasa hakumchanganya na mtu yeyote. Alimwita "mama" tu, kwa adabu, kama anavyoitwa karani wa posta. Jumanne iliyofuata angehamia kwenye nyumba ya wazee kule chini bondeni. Karatasi zilikuwa zimetiwa saini, na aliyezitia saini ni Rosmarie mwenyewe, aliyekuwa na miaka hamsini na sita na hakuwahi kulala nyumba nyingine zaidi ya hii.

Yote yalianzia kwenye bunduki moja. Wiki mbili kabla, Rosmarie aliitoa kabatini akaiweka mezani, akikusudia kuipeleka polisi. Ilikuwa bunduki ya kijeshi aliyobaki nayo mzee, kama ilivyo desturi ya huko, tangu alipomaliza utumishi wake jeshini. Aliporudi kutoka sebuleni akamkuta baba yake ameketi, ameifungua, anaisafisha, huku macho yake yakitazama mlima nje ya dirisha. Vidole havikubahatisha. Kila kipande kilirudi mahali pake. Rosmarie alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akajiambia: yumo. Baba yumo humo ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nikibisha mlango mwingine.

Siku hiyohiyo alimwendea Jost Elmer, msimamizi wa kiwanja cha shabaha pale kijijini.

"Unaniomba nini, Rosmarie?" Jost aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Risasi sita tu. Siku ya mchezo wetu na wale wa ng'ambo ya mlima. Nitalala kando yake. Nitampa moja moja."

"Na akichanganyikiwa?"

"Bunduki haimchanganyi, Jost. Ni watu ndio wanaomchanganya."

Jost alijikuna shingo. Mzee Fridolin ndiye aliyemfundisha kulenga alipokuwa kijana, na ndiye aliyembeba mgongoni siku alipovunjika mguu kwenye theluji. Mwishowe alisema, "Nitasimama nyuma yake. Na nikisema basi, ni basi."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kirafiki, kila mwaka mara moja. Kijiji kilichoshindwa kilichoma soseji na kijiji kilichoshinda kilikaa kikila. Siku hiyo wageni walifika mapema na kelele zao.

"Mmewasha moto?" mmoja wao alipaza sauti. "Maana leo tena ni nyinyi mtakaochoma!"

"Wewe mwaka jana ulipiga shamba zima isipokuwa shabaha," alijibiwa. "Fuko wawili walihama."

Walipomwona mzee akishuka garini, kelele zilipungua. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaja kumpa mkono. "Mzee Fridli! Bado unatutisha?" Yeye aliwashika mikono wote, akatabasamu, na Rosmarie akajua kwamba baba yake hakumjua hata mmoja.

Zamu yake ikafika. Alijilaza taratibu kwenye mkeka ndani ya kibanda cha kupigia shabaha, kifua kwanza, kisha miguu ikajitanua yenyewe. Rosmarie akalala kando yake kwenye mbao baridi. Hakuwahi kulala pale maishani mwake. Alipokuwa mtoto, baba na kaka yake Kaspar ndio waliokwenda shabaha kila Jumamosi. Yeye alibaki na mama yake, wakichemsha viazi. Kaspar alikufa akiwa na miaka ishirini na mitatu, mti ulimwangukia msituni. Tangu hapo baba alikuwa akienda peke yake.

Rosmarie akampa risasi ya kwanza. Mzee akaisukuma ndani, akafunga, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Mlio ukagonga kuta za kibanda na kurudi kutoka mlimani. Kwenye skrini ndogo kando ya mkeka ikatokea alama: saba. Ya pili, tisa. Ya tatu, kumi, katikati kabisa. Nyuma yao mtu alipiga mluzi, na wengine wakamnyamazisha. Ya nne, kumi tena.

"Umeona?" mzee alisema, bado anaangalia mbele. Sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa sauti ya mezani, ya zamani, ya mtu mwenye nyumba. "Pumzi natoa nusu, nusu naibakiza. Wewe una haraka sana, Kaspar."

 Rosmarie alijua alipaswa kunyamaza. "Ndiyo, baba," akasema.

"Huwa unasema ndiyo, halafu unavuta kifyatulio kama unakamua ng'ombe." Akacheka kidogo. "Mama yako anapika nini?"

"Viazi."

"Viazi." Akapokea risasi ya tano, akaisukuma, akafunga. Lakini hakulenga. Alibaki ameegemeza shavu, akiangalia nyasi za uwanjani, mita mia tatu za kijani mpaka kwenye shabaha. "Na dada yako?"

"Yuko nyumbani."

"Kila tukiondoka anasimama pale dirishani. Mimi sigeuki nyuma, kwa sababu nikigeuka namwona." Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri kwa mwanawe wa kiume, "Jumamosi ijayo tumchukue. Yule mtoto ana jicho kukuzidi wewe. Nimekosea kumwacha."

Miaka hamsini na sita Rosmarie alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile bila kusikia neno kama hilo. Alimwogesha mtu huyu, alimlisha, alifuta mkojo wake sakafuni, na hilo neno sasa lilikuwa limesemwa kwa marehemu kaka yake. Angenyamaza, mzee angepiga risasi mbili zilizobaki, watu wangepiga makofi, na wangekwenda kula soseji. Hakuweza. Alimshika bega.

"Baba, ni mimi. Mimi Rosmarie. Niko hapa, baba. Nimekuja."

Mzee aligeuza uso. Alimtazama kwa muda, na Rosmarie aliona kwa macho yake yule mtu wa zamani akiondoka.

"Kaspar yuko wapi?"

"Baba..."

"Alikuwa hapa sasa hivi. Umemfanya nini? Kaspar!" Na kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani bado anazo, akapiga magoti, akainuka, bunduki mikononi, akageuka kumtafuta mwanawe. Mtutu ukapita mbele ya uso wa Rosmarie, ukawapitia watu wa benchi la nyuma. Mtu akapiga kelele. Jost akaruka, akaupiga mtutu juu kwa mkono, na risasi ya tano ikatoboa paa.

Vumbi la mbao liliwaangukia mabegani. Hakuna aliyeumia. Jost aliichomoa bunduki mikononi mwa mzee, akaitoa ganda, akaikabidhi kwa mtu mwingine bila kutazama ni nani. 

"Basi," akasema. "Basi, Rosmarie."

"Ni kosa langu. Nilimgusa."

"Kosa ni langu. Nilikubali." Hakumtazama. Baadaye alikaa nje peke yake, akiandika ripoti ambayo lazima ingemwondoa kwenye usimamizi, naye alilijua hilo.

Mchezo ulivunjwa. Wageni wakapakia vitu vyao kimyakimya. Mmoja alimpa Rosmarie mkono, akaondoka. Soseji zilibaki mbichi kwenye trei.

Mzee Fridolin alikataa kuingia garini. Alishikilia nguzo ya kibanda. "Siendi na huyu," aliwaambia watu. "Huyu amemchukua mwanangu." Rosmarie aliposogea, alijikunja na kujikinga uso kwa mkono, kama anayengoja kupigwa. Ilibidi mke wa Jost aendeshe gari, na Rosmarie akapanda mlima kwa miguu.

Siku mbili zilizofuata mzee hakukubali kula kutoka mkononi mwa binti yake. Alikuwa amesahau kiwanja, amesahau mlio, hata koti hakulitambua. Hofu ndiyo iliyobaki, nayo ilikuwa na uso wa Rosmarie. Chakula Rosmarie alikiweka mezani, akatoka, akasimama barazani mpaka aliposikia kijiko.

Jumanne muuguzi alikuja, msichana mnene mchangamfu kutoka bondeni. Akamwambia mzee, "Twende, babu, nimekuja kukuchukua." Mzee aliinuka mara moja na kumshika mkono. Walipompita Rosmarie mlangoni, mzee alimvuta yule msichana upande wa pili.

"Twende haraka," alimnong'oneza. "Kabla hajatuona."

Gari liliteremka polepole kwenye kona. Rosmarie akarudi ndani, akaanza kutoa mashuka kitandani.