Upana wa Hisa

Shemeji mtu aliingia dukani kwa fundi cherehani bila hodi, simu mkononi, miwani ya jua juu ya kipara. Mtaani walimwita Mchambuzi, naye hakujua kwamba wakishamwita hivyo huangaliana wakacheka. Nyuma yake alikuja mdogo wake, mume wa fundi, ameshika fomu kama mtu aliyetumwa dawa.

Fomu ilikuwa ya kuuza hisa zote za benki ambazo wanandoa hao walimiliki pamoja. Ilitaka saini mbili. Ya mume ilisubiri ya mkewe, kwa adabu au kwa woga. Gawio la hisa hizo ndilo lililolipa kodi ya duka miaka sita mfululizo.

"Shemeji, mmeng'ang'ania hisa ya mia tatu," Mchambuzi alianza, akajitwalia kiti cha wateja. "Ya kampuni ya sukari ni kumi na mbili tu. Uza moja hapa, upate ishirini na tano kule. Huko ndiko kuona mbali."

Fundi alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Ukiniletea mita mbili za kitambaa, swali langu la kwanza ni lipi?"

"Bei."

"Ndiyo maana suruali zako zinakubana. Nauliza upana. Sasa hisa yako ya kumi na mbili, upana wake ngapi? Mwaka jana iliingiza faida gani?"

"Sukari kila mtu anakula, shemeji."

"Sijauliza nani anakula. Nimeuliza nani anapata."

Mchambuzi akapekua simu kana kwamba faida imekwama chini ya kioo. Fundi akavuta kitabu kutoka kwenye rundo la vitambaa: ripoti ya mwaka ya kampuni hiyohiyo, aliyoiomba kwa wakala wa hisa tangu aliposikia uvumi wa fomu na wa sukari.

"Hisa ya benki inaingiza hamsini kwa mwaka. Miaka sita, bei yake imerudi. Benki nayo yaweza kuyumba, siiapii. Lakini hii yako imepoteza tatu kwa kila hisa, na mitambo yote iko rehani. Wakifilisika, wanaowadai wanakula kwanza. Wewe unabaki kulamba gunia."

"Soko linataka ujasiri. Wanawake mnaogopa hatari."

"Haya. Uza gari lako ununue leo, nami nikufuate kesho."

"Gari siwezi. Gari ni la familia."

Mume akakohoa.

"Kaka, wewe unazo ngapi?"

"Elfu nne."

"Ulinunua kwa ngapi?"

Mchambuzi aliivua miwani, akaifuta, akairudisha kiparani.

"Thelathini na moja."

"Na sisi tungenunua za nani?"

"Nilitaka kuwaachia zangu. Ninyi ni damu yangu, siwezi kuwapa watu baki."

Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mumewe hakucheka. Aliitazama fomu, akamrudishia kaka yake.

"Nyuma ni nyeupe, kaka. Watoto wako watachorea."

Mchambuzi alitoka akilalamika kwamba ukoo huu hauna maono. Mume akakalia kiti kile, akaifungua ripoti ukurasa wa kwanza, midomo ikicheza.

"Hizo ni picha za mwenyekiti," fundi alimwambia, akikanyaga cherehani. "Anzia kwenye madeni."