Fundi Aamka Kazini

Mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi alipachikwa jina la Bwana Subiri, na jina likamkaa utadhani alizaliwa nalo. Kwake, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa alazwe kwa dawa ya usingizi mpaka maumivu yenyewe yachoke. Daktari wa usingizi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, aliona vingine. Katika utafiti wake, dawa ilipunguzwa kila asubuhi, mgonjwa aamke, ajaribu kupumua mwenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alimwambia mkuu, na hapa matumbo yenyewe tayari yana nyuzi.

Wagonjwa wa kwanza waliamka wakirusha mikono, wakalazwa tena. Leo ilikuwa zamu ya fundi cherehani aliyepasuliwa utumbo.

"Huyu naye akichanganyikiwa," mkuu alisema, "utafiti nausimamisha."

Dawa ilipunguzwa. Fundi alifumbua macho, mpira wa mashine ya kupumulia ungali mdomoni. Daktari alimwomba abane kidole chake. Wapi! Mkono ulimpita, ukadaka koti jeupe la mkuu, ukaanza kulifinya pindo la mkono, kulivuta, kulikunja.

"Unaona? Mrudishie dawa."

Mke wa fundi, aliyesimama miguuni pa kitanda, alianza kulia. Daktari alikwisha kuishika sindano alipoutazama ule mkono vizuri. Vidole vilikuwa vinapima.

"Fundi, mkono huu wa koti umezidi mwenzake? Kama ndiyo, bana kidole changu mara mbili."

Akabana mara mbili, kwa nguvu, mpaka daktari akauma meno.

Mkewe akacheka na machozi yake. "Ndiye yeye huyo. Hata siku ya harusi yetu alinikagua pindo kwanza, uso baadaye."

Mkuu akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Kweli, mkono mmoja wa koti ulimfika vidoleni. Miaka yote alikuwa anavaa hivyo hivyo.

Kufikia mchana mpira ulikuwa umetolewa na fundi anapumua mwenyewe. Daktari alifurahi mpaka akacheza kidogo pale kwenye sinki, wauguzi wakimtazama.

"Mzee," fundi akasema kwa sauti ya kukwaruza, "livue hilo koti."

Bwana Subiri akalivua, akaliweka kitandani kwa fundi. Kisha akakunja mikono ya shati na kusogelea kitanda cha pili.

"Na huyu," akamwuliza daktari, "tunasubiri nini?"