Kichuguu cha Serikali

Mtaani kwetu Kampemba, Élisabethville, mvua haikuwa na ruhusa ya kwenda popote ilipotaka. Ofisi ya viwanja ilikuwa na ramani. Palipopakwa buluu palikuwa pa maji, na nyumba yoyote iliyosimama hapo ingebomolewa kabla ya Noeli. Nyumba ya mama Léonie ilikuwa katikati ya buluu, ingawa hatukuwahi kuona humo maji zaidi ya yale ya mtungini. Marehemu Mwenze aliijenga kila Jumapili baada ya misa, na mjane wake hakuwa na kingine duniani.

Bwana Edouard, Mbelgiji mkubwa wa ofisi hiyo, alikuja na ramani kwapani na karani wake Faustin nyuma.

"Mama, weye iko mu maji," akasema Bwana.

Mama Léonie akatazama miguu yake. Vumbi tupu. "Maji iko wapi, Bwana?"

"Iko mu karte," akasema, akiigonga ramani kwa kidole.

Sasa sikilizeni upumbavu wenyewe. Ramani ilipochorwa, ng'ambo ya njia palikuwa na kichuguu kikubwa kama kanisa. Maji ya mvua yaliyokigonga yaligeukia upande wetu, uliokuwa bado pori. Lakini Katanga nzima inajua kwamba udongo wa kichuguu ndio wa matofali. Ofisi ilipotaka jengo jipya, ilituajiri tukakichimba chote, tukachoma matofali, pakabaki shimo. Kisha ikafungua ramani kutafuta mahali pa juu, ikaona kichuguu, ikajenga hapo hapo. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini; bwana wetu alikuwa chini tayari, akijiona juu. Tulicheka sana, ila tulichekea ndani.

Mama Léonie hakucheka. Akaelekeza kidole kwenye ofisi mpya ng'ambo ya njia. "Faustin, ambia Bwana. Ile mulima ya mu karte balishaimaliza. Njo matofali ya biro yake. Mvua ikinyesha, maji itaenda kwake, haitakuya kwangu."

Faustin, aliyesimamia uchimbaji mwenyewe, akakohoa. "Mama, mulima iko na kashe," akasema, akionyesha muhuri kwenye ramani. "Shimo haina."

Novemba ikaja na mvua yake. Maji yakavuka njia, yakaingia ofisini kwa mlango wa mbele. Bwana Edouard akatokea dirishani, Faustin akambeba mgongoni hadi kwa mama Léonie, kwenye sakafu kavu.

"Karibu mu maji, Bwana," akasema mama, akampa kiti. Siku hiyo nilimpenda kuliko watakatifu wote.

Bwana akagusa kuta, akagusa sakafu. "Kweli, mama. Karte ilikosa. Nitaibadirisha."

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Wajinga sisi!

Maana alitimiza ahadi. Ramani mpya ikaja: kwa mama Léonie sasa ni pakavu kabisa, panafaa kwa ofisi ya Serikali. Faustin alimsomea amri akiangalia viatu vyake. Ahame kabla ya Noeli. Lakini Serikali haimtupi mjane. Imempa kiwanja ng'ambo ya njia.

"Mu shimo?" akauliza mama Léonie.

"Hapana, mama. Ule upande habakubadirisha," akasema Faustin. "Mu karte ingali mulima."