Mbwa Mwitu Jike Amezaa

Watoto wangu wawili wa kwanza hawakumaliza mwezi. Sisemi ili mnionee huruma, huruma nimeshakula ya kutosha. Nasema ili mjue kwa nini siku ile nilimkaidi mume, mkwe na padri, na nisingerudi nyuma hata wangenifunga kamba.

Wa tatu alizaliwa Novemba, katikati ya siku za mbwa mwitu. Kwetu mlimani siku hizo mwanamke hagusi sufu, na mikasi yote hufungwa uzi ili midomo ya mbwa mwitu nayo ifungwe. Mama mkwe wangu, Jevrosima, alikataa katakata kuufungua mkasi hata kwa ajili ya kitovu. Akakikata kwa mundu. Mimi nalia kwa uchungu, yeye ananigombeza: "Nyamaza wewe! Unataka tuwafungue midomo leo, na mtoto ndiyo kwanza anaingia?"

Usiku wa tatu nikaota. Mbwa mwitu aliingia uani akichechemea, akaja mpaka kwenye kitanda cha mtoto, akaketi. Hakunusa, hakunguruma. Alinitazama tu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Asubuhi nikamwambia mama mkwe. Alikuwa anakoroga ugali wa mahindi, akaacha mwiko humohumo, akajipiga ishara ya msalaba.

"Kilema? Una hakika?"

"Mguu wa nyuma, mama. Wa kushoto."

"Basi ni mwenyewe. Mkubwa wao. Yule anayewagawia wenzake chakula, yeye akala mwisho." Akashusha sauti, maana padri hapendi maneno hayo. "Bibi yangu alikuwa akimwekea huyo mkate kabla hajamwashia mtakatifu yeyote mshumaa. Hakuja kuchukua, mwanangu. Angekuja kuchukua asingeketi. Amekuja kumpa mtoto jina lake."

Nikaelewa palepale. Kwetu husemwa kuna kitu cha usiku kinachokula watoto wachanga, nacho hakimwogopi yeyote ila mbwa mwitu. Mtoto akiitwa Vuk, yaani mbwa mwitu, hakimsogelei.

Shida ilikuwa moja. Kwetu jina hatoi mama wala baba. Anatoa msimamizi wa ubatizo, na akishalitamka, limetamkwa. Msimamizi wetu alikuwa Vidosav, ambaye babu yake alimsimamia babu wa mume wangu. Yeye ndiye aliyewapa wale wawili majina, Teofan na Teodosije, majina ya ukoo wake, marefu kuliko watoto wenyewe. Safari hii alishatuma habari: Jumapili anakuja kumchukua mtoto kumpeleka kanisani, ataitwa Teofil.

Obren, mume wangu, akaenda kumbembeleza na chupa ya pombe ya plamu. Akarudi na chupa tupu.

"Amekataa. Anasema Mkristo haitwi mnyama."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini, Stamena? Ni msimamizi."

"Sasa hiyo pombe mlikunywa ya nini? Ya kumpongeza?"

Obren akatoka kwenda kupasua kuni. Alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya Vidosav ulimi wake uliganda.

Lipo jambo jingine kwetu, la watu waliochoka kuzika. Unamlaza mtoto njia panda, unajificha, na mtu wa kwanza kupita ndiye msimamizi, awe nani awe nani. Hawezi kukataa, na yule wa zamani hana neno tena. Ni kumvunjia Vidosav heshima mbele ya mlima mzima. Nikasema potelea mbali. Mimi nilitaka mtoto aliye hai.

Jumapili asubuhi mama mkwe akajitandaza mlangoni. "Hujatimiza siku arobaini! Hutoki!"

"Nishike basi, mama."

Hakunishika. Alinifunga shali yake kifuani, huku ananitukana mimi na walionizaa.

Theluji ilinifika magotini. Nikamlaza mwanangu juu ya ngozi ya kondoo, pale njia ya kinu inapokutana na njia ya kanisa, nikajibanza nyuma ya ua wa miiba. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: Vidosav hupita njia ya juu siku zote, na huku chini Jumapili hupita wageni, wauza chumvi na mafundi wa masufuria. Kwanza akapita nguruwe wa jirani. Nikamrushia bonge la theluji, msimamizi huyo sikuwa na haja naye. Kisha nikasikia kwato za farasi.

Alikuwa Vidosav. Theluji ilikuwa imeziba njia ya juu, na mimi mjinga sikulifikiria hilo.

Alimwona mtoto, akaelewa mara moja. Uso ukamwiva mpaka masikio.

"Toka huko, Stamena! Nakuona!"

Nikatoka.

"Umenivua nguo," akasema. "Nyumba zetu zimeshikana tangu enzi za mababu, leo unanitupa njiani?"

"Nilikutupa, na Mungu amekurudisha. Wa kwanza kupita ni wewe, Baba Vidosav. Mwite Vuk."

"Ng'o!"

"Basi hainuki hapo mpaka umwite."

"Una wazimu wewe? Atakufa kwa baridi!"

"Wale wawili walifia kando ya jiko, wamefunikwa vizuri, na majina yako mazuri."

Akashuka kwenye farasi amekunja ngumi. Nilidhani atanipiga. Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakanitoka yakalowesha shali. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, lakini sikusogea.

"Unadhani ni kiburi?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wale wawili niliwabeba mimi kwenye maji ya ubatizo. Na makaburini niliwabeba mimi, kwa mikono hii. Wewe ulikuwa kitandani, hukuona sanduku lilivyokuwa jepesi. Hilo jina ndilo dawa ya mwisho tuliyo nayo, Stamena. Nikimwita Vuk na yeye akafa, anayefuata tutamwita nani? Tutabaki na nini?"

Miaka miwili nilimchukia mtu huyu, kumbe alikuwa akilia nami. Niliona aibu. Lakini aibu haikunisogeza.

"Hatutabaki na kitu," nikamwambia. "Ila huyu simnyimi dawa eti kwa kuogopa itakwisha. Mwite."

Akavua kofia. Akapiga magoti kwenye theluji, akamwinua mwanangu kuelekea msituni, akapaza sauti kama inavyotakiwa: "Mbwa mwitu jike amezaa mbwa mwitu! Dunia yote isikie, mtoto awe mzima!" Yanasemwa mara tatu. Mara ya tatu hakufika mwisho, nikamalizia mimi. Padri alinuna, lakini aliandika Vuk.

Siku ya ishirini na moja, ambayo Teofan hakuivuka, sikufumba jicho. Siku ya ishirini na sita, ya Teodosije, Vidosav alikuja asubuhi, akaketi jikoni, chakula kikapoa mbele yake. Jua lilipozama akaaga, akaenda zake.

Ikafika Juni. Namnyonyesha barazani, ghafla maumivu yakanichoma, nikapiga ukelele. Mama mkwe akatupa ndoo kisimani akaja mbio, Obren naye huyo, shoka mkononi. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Walisimama mbele yangu weupe pe, wakisubiri niseme neno ambalo nyumba ile ilishalisikia mara mbili.

Mimi nacheka, nalia. Nikamfungua mtoto mdomo kwa kidole, wakainama wakatazama. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kufika kwenye jino.

"Ameniuma," nikasema. "Huyu mbwa ameniuma."