Geji ya Shiundu

Mimi sina moyo wa kusamehe, na sijaomba mtu aniazime. Ile Datsun ilipoingia gereji yetu hapa Kawangware, mwaka wa tisini na sita, niliijua kabla sijamwona dereva. Shiundu. Tulipokuwa majirani Kambi Muru, ni yeye peke yake alikuwa na gari.

Miaka miwili nyuma, Jumapili mchana, mke wangu Nanyama alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nikakimbia kwa Shiundu atupeleke hospitali. Alikuwa ndani ya gari anasikiza redio, na mshale wa mafuta umesimama juu kabisa. "Wekulo, ndugu yangu, hiyo geji ni mbovu," akasema. "Tangi ni kavu." Nikamsukuma Nanyama kwa mkokoteni. Mtoto alikufa njiani.

Nanyama alimwamini Shiundu. Kila nikimlaani huyo mtu ananikanya, eti namchukia bure.

Sasa amekuja anacheka. "Niaje Wekulo, kumbe uko huku? Geji yangu imekwama juu, na jana mafuta yameniishia njiani, pale Satellite."

Basi alisema kweli? Nimemchukia miaka miwili kwa sababu ya geji?

Nikachomoa waya ya geji pale kwa tangi. Geji ya gari hii, waya ikichomoka, mshale lazima uanguke. Haukuanguka. Hapo nikajua waya imechubuka mahali na inagusa bodi ya gari, ndiyo inaushikilia mshale juu. Nikang'oa kiti cha nyuma, na kweli, chuma cha kiti kilikuwa kimeikalia. Lakini shaba ya hiyo waya, pale ilipochubuka, ilikuwa inang'aa. Waya iliyochubuka zamani huwa nyeusi, ama inaota kijani. Hii ilikuwa ya juzi.

Nanyama alikuwa amefika na chakula changu, amesimama nyuma ya Shiundu. Nikauliza polepole, "Hii shida ilianza lini?"

"Wiki iliyopita, nilipoweka hivi viti. Kabla ya hapo, wacha nikuambie, haijawahi kunidanganya hata siku moja tangu niinunue."

"Hata ile Jumapili?" Nanyama akauliza.

Shiundu aligeuka. Meno yote yakarudi ndani. Alichosema, afadhali angenyamaza. "Mama, niliogopa damu kwa viti."

Nikachukua koleo. Nilitaka kukata kila waya ya hiyo takataka, halafu nianze na yeye. Nanyama akanishika mkono.

"Hapana. Itengeneze," akasema, macho makavu kwa Shiundu. "Itengeneze isidanganye hata tone moja. Nataka kila siku akiwasha hii gari, huo mshale ukipanda, amwone mtoto wangu."

Nikaifunga ile waya tepu mara tatu. Sijawahi kufanya kazi safi namna hiyo.